Vitabu Vilivyonukia Ndimu

Wenzangu wa rika langu wakianza kukumbuka utoto, utawasikia wakitaja mahamri ya asubuhi, udi wa nyanya, vumbi la mvua ya kwanza. Kinachonirudisha mimi utotoni ni dawa ya kusugulia vyoo. Msicheke. Juzi nilikuwa nimeinama chooni kwangu hapa Mombasa, nimefungua chupa niliyoinunua bila hata kusoma jina lake, ile ndimu yake ya uongo ikanipanda puani, na papo hapo nikatamani kusoma. Si kusoma kitu fulani, kusoma tu. Nikaweka brashi chini, nikakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, nikalia kidogo, kisha nikaona haya nikamaliza kazi. Mume wangu alipouliza macho yamekuwaje nikamwambia ni dawa, na sikumdanganya.

Nilikulia Jeddah, mtaa wa Karantina, chumba cha orofa ya juu ambacho kiyoyozi chake kilidondosha maji kwenye beseni, na beseni likifurika jirani wa chini aligonga dari yake kwa ufagio. Baba alikuwa mlinzi wa ghala na alikuwa na ikama, kile kibali cha kuishi na kufanya kazi. Mama aliingia nchini kwa umra, ile hija ndogo, akabaki. Mimi nilizaliwa kwa mkunga palepale mtaani, kwa hiyo kwa upande wa karatasi sikuwepo, na mtoto asiyekuwepo hapokewi shule. Nilijua kusoma kwa sababu Mama alikuwa fundi cherehani na hakutaka nimsumbue akishona. Alinipa chaki ya fundi na mabaki ya vitambaa, nikaandika herufi mpaka zikaanza kusema.

Vitabu vilituanzia kwa Anti Wanza. Alikuwa Mkamba wa Kitui, mfanyakazi wa ndani kwenye nyumba moja ya Jeddah ambako Mama aliitwa kushona mapazia. Madam alipotoka kwenda kujibu simu, Wanza akaona kitabu cha Kiswahili kimechomoza kwenye mkoba wa Mama, kati ya mkasi na futi. Mama alipenda sana kulisimulia jambo hilo. "Hakunisalimia," alisema. "Alikigusa kitabu kwanza, halafu ndipo akakumbuka kwamba kuna mtu." Mama akamwachia. Haukupita muda kafili, yaani mwajiri aliyemleta, akahamia Riyadh na familia yake yote, na Wanza akahamishwa pamoja na makochi. Mama akasema kitabu ndicho kimekwenda hivyo. Wala! Kilirudi kwa parseli, na pamoja nacho riwaya nyingine ambayo Wanza alikuja nayo kutoka kwao.

Aliyekituma alikuwa Mutua, Mkamba mwenzake, aliyeendesha gari la kampuni ya vifurushi pale Riyadh na kulala kwenye nyumba ya wafanyakazi, Al-Murabba. Mutua hakuwa msomaji. Alisema akifungua kitabu usingizi humfika kabla ya nukta ya kwanza. Lakini kazi yake ilikuwa kupeleka mizigo nyumba kwa nyumba, na ndani ya nyumba hizo walikuwamo dada zetu wa Kenya waliokuwa hawatoki hata kwenda bakala kununua mkate. Alikuwa akisimama getini na mzigo wa madam, na chini ya mzigo wa madam kuna kitabu cha dada. Vikishazunguka huko alivifunga akavituma Jeddah kwa jina la Baba, maana bila ikama hukabidhiwi kitu. Sisi tukavisoma, tukaongeza vyetu, tukavirudisha.

Sasa, mfanyakazi wa ndani hawezi kukaa na kitabu kizima. Wengi wao hawakuwa na chumba, sembuse kabati. Walilala kwenye stoo ya kupigia pasi. Riwaya nene utaificha wapi? Kwa hiyo Mama alikata. Kila riwaya aliigawa mapande matatu kwa mkasi wa kitambaa, akalishona kila pande kwa uzi wa jinzi, akalivisha jalada la kitambaa kilichobaki kwenye gauni la mtu. Pande moja liliweza kukaa chini ya aproni, au katikati ya matambara ya kudekia ndani ya kabati la sabuni, mahali ambapo madam hatii mkono. Ndiyo sababu vitabu vyetu vilinukia ndimu, na mimi nikaamini kwamba vitabu vyote duniani hunukia hivyo.

Kwa kuwa kila pande lilizunguka kwa njia yake, mara nyingi nilisoma katikati kabla ya mwanzo. Nikakua nikidhani ndivyo hadithi zilivyo: unawakuta watu tayari wanagombana, nawe utakuja kujua baadaye nani alimkosea nani. Mpaka leo nikianza riwaya kwenye ukurasa wa kwanza naona mwandishi ananichelewesha.

Na kila aliyemaliza pande alipiga mshono mmoja mgongoni mwake kwa uzi wa rangi yake. Mama ndiye aliyewagawia rangi, uzi umezungushwa kwenye kipande cha kadibodi na sindano imechomekwa. Wanza alikuwa zambarau. Mshono wake ulikuwa mrefu na umepinda, nami nilimdharau kidogo kwa ajili hiyo. Mama alikuwa mweusi. Mimi sikuwa na rangi. "Ukikua," Mama aliniambia, jibu ambalo kila mtoto analijua na kulichukia.

Laiti mngeona siku ya kufika kwa kifurushi. Baba alikuwa akikipitia akitoka kazini, akapanda nacho ngazi huku akihema kwa makusudi. "Mama Nasra, matofali yako haya." Mama hakufungua mpaka Ijumaa baada ya sala, wakati wanawake waliopata nafasi walipokuja kukaa kwetu, Waislamu na Wakristo, wengine wakiwa bado na harufu ya vitunguu vya majikoni walikotoka. Alikuwapo kila mara Bi Zuhura, Mzanzibari jirani yetu, aliyekuwa akiuza vitumbua na kupenda hadithi za mapenzi zaidi kuliko alivyokubali. Mama alikata utepe, akatoa mapande moja moja, na kabla hajasoma neno alipitisha kidole mgongoni akisema rangi kwa sauti. "Kijani yupo. Machungwa yupo. Zambarau yupo." Na wanawake wakaitikia, huyu alhamdulillahi, yule Mungu ni mwema. Nilidhani wanasifu ushonaji. Baadaye nikadhani ni dua, na kwamba kitabu hakifunguliwi bila kusomewa rangi zake.

Kisha Mama alisoma, na chumba kikanyamaza mpaka ukasikia maji yakidondoka kwenye beseni. Palipokuwa na jambo zito Bi Zuhura alijipiga paja. "Mwanamme gani huyo! Mama Nasra, rudia hapo." Tulikuwa na furaha ambayo sijui niieleze vipi kwa mtu aliyekulia karibu na duka la vitabu. Tulijua kwamba kurasa zilezile zimepita mikononi mwa wenzetu mbali kule, kwamba wamechekea palepale. Na siku chache baadaye zilikuja sauti zao kwenye simu, wakibishana nasi kuhusu wahusika kama kuhusu mashemeji. Wote walinong'ona, na sauti zao zilikuwa na mwangwi. Niliamua kwamba watu wa Riyadh wana adabu sana na wanaishi kwenye majumba makubwa. Kumbe walikuwa wamejifungia bafuni.

Tajiri kuliko wote, kwa akili yangu, alikuwa Anti Wanza. Aliwahi kumtumia Mama picha akiwa amesimama kwenye ngazi za marumaru, mkono ameuweka juu ya mhimili unaong'aa. Nikaziunganisha ngazi, ndimu na mwangwi, nikapata bibi mkubwa mwenye nyumba safi anayetupenda sisi maskini wa Karantina. Mama alipokuwa akisema, "Wanza wa watu, Mungu amjalie," nilishangaa. Amjalie nini tena?

Mwaka ninaousimulia tulikuwa na riwaya ya mwalimu mmoja aliyetoweka siku ya kuamkia harusi yake. Pande la pili liliishia pale shela yake ilipookotwa chini ya benchi la kituo cha basi. Pande la tatu lilikuwa kwa Anti Wanza, likitoka kwake lije kwetu. Sijawahi kungoja kitu namna ile, hata nikaanza kumsindikiza Baba mpaka mlangoni asubuhi, nikimkumbusha ofisi ya vifurushi inafungwa saa ngapi.

Kifurushi kilikuja. Ijumaa Mama akakata utepe, akatoa mapande ya vitabu vingine, na lile letu la tatu halikuwemo. Nikaanza kunung'unika. Hakuna aliyenisikiliza. Mama alikuwa anapitisha kidole. "Kijani yupo. Machungwa yupo." Akachukua pande jingine, na jingine. Akayarudia yote. Kisha akayaweka mapajani.

"Zambarau hayupo," alisema.

Mwanamke mmoja akaanza kulia. Bi Zuhura aliuliza, "Yuko wapi? Jamani, yuko wapi?" Na mwingine, kwa sauti ya chini, "Atakuwa hai?"

Nilifurahi kwamba hatimaye watu wazima wamelipa jambo langu uzito unaostahili. "Yu hai," nikawaambia. "Mimi najua. Atakuwa amefichwa na yule shemeji, kwa shangazi yake. Hajafa, maana hajavaa shela bado."

Wote wakanigeukia. Sitasahau nyuso zile. Hakuna aliyenikaripia wala aliyecheka. Bi Zuhura akanivuta akanikalisha mapajani pake ingawa nilikuwa mkubwa mno wa kupakatwa, akanikumbatia kwa nguvu mpaka nikaumia.

Simu ya Anti Wanza haikupatikana. Mama akampigia Mutua, akaiweka sauti wazi ili wote wasikie.

"Sista, hata mimi nilikuwa nataka kuwapigia," Mutua alisema. "Nimepita hiyo geti siku nyingi. Siku hizi madam anatoka mwenyewe kuchukua parseli. Nikiuliza Wanza, ananiambia mafi, hakuna. Mafi Wanza, halas. Lakini slipa zake ziko pale nje kwa mlango wa jikoni. Mimi naziona."

"Alikuwa amesema kitu?" Mama aliuliza.

"Aliomba kurudi nyumbani. Kontrakti iliisha kitambo. Aliniambia akiomba tena watamnyang'anya simu."

Wanawake wakatazama chini. Mama aliuliza kama mtu anaweza kuingia akamwona kwa macho, maana kwenda kushtaki kwamba mtu amefungiwa, na mwenye nyumba anasema ameshaondoka, ni kupigizana kelele na ukuta. Mutua akafikiri.

"Kuna mizigo ya kupokelewa na mwenyewe tu," alisema. "Hiyo siwezi kumpa mtu mwingine. Lazima ikama iwe mkononi na mwenye ikama awe mbele yangu aweke sahihi. Nikiirudisha, ofisi inampigia kafili kuuliza kulikoni. Madam hatapenda hiyo stori."

"Basi mtumieni mtoto wa watu huo mzigo, mnangoja nini?" Bi Zuhura alisema.

"Lakini uwe mzigo," Mutua akasema. "Asione ni karatasi tupu."

Walitaja kitambaa, wakataja manukato. Mama alikataa. Kitambaa kizuri madam atakivaa, na manukato atajipaka, na Wanza hatajua hata yametoka kwa nani. Kitabu cha Kiswahili hatakuwa na kazi nacho. Lakini mapande yaliyokuwapo pale yalikuwa mepesi kama mikate mikavu. Kitabu kizima chumbani mwetu kilikuwa kimoja tu, nacho kilikuwa changu.

Kilikuwa cha msichana aliyefuga nyuki. Baba alikinunua kwa mama mmoja aliyerudi likizo, kilikuwa na jalada gumu na picha za rangi, na Mama hakuwahi kukikata. Nilikiweka chini ya mto. Mama alipokuja kukiomba nilikilalia. Nikamwambia Anti Wanza ana vitabu vyetu vingi, anakaa nao tu, ametunyima mwisho wa hadithi, na sasa anataka na cha kwangu, na nyumba yote ile anayo!

Mama hakuninyang'anya. Alikaa kitandani akangoja nimalize kulia.

"Nasra, zile ngazi si zake," alisema. "Anazisugua. Anaamka kabla ya wenyewe na kulala baada yao, na hana mlango wa kufunga. Vile vitabu alikuwa akisoma amekaa kwenye sakafu ya bafu. Zile nyuzi si mapambo, mwanangu. Mtu akipiga mshono tunajua mwezi huu yuko mzima, ana mikono, ana macho, hajatupwa mahali. Mwezi huu Wanza hakupiga."

Niliogopa. Ndivyo ilivyokuwa, sikuona huruma kwanza, niliona woga. Yule bibi mkubwa wa marumaru aliyekuwa akitulinda sote akaondoka chumbani, na mahali pake akabaki mtu aliyenong'ona bafuni. Niliwawaza kijani na machungwa, na wengine wote ambao minong'ono yao ilikuwa imenichekesha kwenye simu. Nikauliza, "Na sisi je?" Mama akasema sisi tuna mlango. Nikatoa kitabu chini ya mto nikampa.

Alikwenda kwenye sanduku la cherehani akaliweka mbele yangu, lote, na vibonge vyake vya nyuzi. "Chagua," alisema. Nilichagua manjano kwa sababu ya nyuki. Jalada lilikuwa gumu, sindano haikupenya, ikabidi Mama atoboe kwanza kwa msumari mwembamba, kisha nikapitisha uzi mwenyewe ulimi ukiwa nje. Mshono wangu ulitoka mrefu na umepinda. Mama akaufunga fundo asinikosoe, na Baba akakipeleka kitabu ofisini kikaandikwa jina la Wanza, mwenyewe tu.

Mutua alipiga simu siku kilipofika. Mama alikuwa na pini mdomoni, akazitema mkononi.

"Madam ametoka amenyoosha mkono," alieleza. "Nikamwambia hii ni ya mwenyewe. Akasema mafi. Nikasema sawa madam, mafi Wanza, mafi parseli, wacha niandike nirudishe. Nikaanza kuandika pole pole. Akaingia ndani. Nikakaa hapo na jua, sista, nikisema leo nimeharibu. Halafu akatoka na ikama mkononi, na Wanza nyuma yake."

"Yukoje?" Mama akauliza.

"Nguo inamvaa," alisema. "Amekonda mpaka nilimtambua na sauti. Nilimpa kalamu, nikamwongelesha Kikamba kama naeleza mahali pa kusaini. Nikamuuliza, unataka tufanye nini? Hakuinua macho. Akaniambia, semeni niko hapa. Semeni mumeniona."

Na wakasema. Sahihi ilikuwepo, aliyemwona alikuwepo, nyumba ilijulikana, na Mutua aliandikisha jina lake bila kuuliza kama jambo hilo litamponza kazini. Mama na Bi Zuhura waliwapigia watu wa ubalozi mpaka wapokeaji simu wakazijua sauti zao. Zikapita wiki. Mara ya kwanza waliambiwa faili halijafika, mara ya pili aliyelishika yuko likizo. Mama alishona vibaya siku zile. Alishona mkono wa gauni mahali pa shingo, akaufumua, akaushona palepale tena. Mimi niliacha kumuuliza Baba kuhusu vifurushi. Nilikuwa najiandalia swali moja, nililifanyia mazoezi kitandani, nalo naona aibu kulitaja lakini ndilo lililokuwa swali langu: bibi harusi alipatikana wapi? Kumjua Wanza hakukuniondolea njaa ya hadithi. Mtoto hubeba vyote viwili.

Ijumaa moja wanawake walikuwa wamekaa, hakuna kitabu, wanakunywa chai tu. Simu ya Mama ikalia juu ya meza ya cherehani. Mikono ya Mama ilikuwa imekamata kitambaa chini ya sindano, akaniashiria nipokee.

"Nani mwenzangu?" nikauliza.

"Ni Nasra huyo? Mimi ni Anti Wanza."

Hakuwa ananong'ona. Sauti yake ilikuwa pana, nzito kuliko nilivyoijua, na nyuma yake kuku walikuwa wanapiga kelele. Nikatoa swali langu mbio mbio kabla halijanitoroka.

"Anti, yule bibi harusi alikuwa wapi?"

Alicheka, kisha kicheko kikakatika. "Sikufika huko, mwanangu. Nilikuwa nimefungua ukurasa wa kwanza, madam akaingia. Vyote alivitupa. Na cha nyuki pia, nilikisoma nusu tu."

Nilisikia uchungu, wa kitabu changu na wake pia, na nikajua kwamba mwisho ule sitaupata. Lakini wakati huohuo nilisikia mtu upande wake anamwita kwa Kikamba, sauti ya bibi mzee, na chombo kikiwekwa juu ya chombo. Nikaona nimemuulizia mtu mwingine badala yake.

"Na wewe uko wapi, Anti?"

"Niko jikoni kwa mama yangu. Nimekaa chini. Amenipakulia muthokoi mara ya pili na anasema nisiinuke."

Cherehani ilikuwa imenyamaza. Bi Zuhura alikuwa amesimama, kikombe mkononi, chai inamwagikia vidoleni asijue. "Nani? Nani huyo? Yuko wapi?"

Niliondoa simu sikioni nikawatazama wote.

"Ni zambarau," nikawaambia. "Yuko kwao. Anakula."